Homa imeshuka, kumbe ndiyo hatari inaanza

*"Mimi na mume wangu tunaishi Tanga, Raskazone. Mume wangu alijifunza kuteleza juu ya mawimbi alipokuwa akifanya kazi Durban, na kwa kuwa bahari yetu huku ni tulivu, tulidunduliza pesa tukaenda Bali. Tulitoka Tanga Alhamisi, tukalala Dar, tukapanda ndege Jumamosi, tukafika Jumapili. Jumatano usiku akashikwa na homa kali, kichwa kinauma, macho yanauma kwa ndani, viungo kama kapigwa rungu. Nikampa dawa ya mseto niliyotoka nayo nyumbani, na diclofenac ya maumivu. Jumapili iliyofuata asubuhi homa ikaisha kabisa. Tukamshukuru Mungu, akabeba ubao wake akaingia majini. Jioni tumbo, kutapika, fizi zinatoa damu. Jumatatu usiku tuko hospitali, wakasema ni dengue, akalazwa siku tano. Cheti kinasema NS1 chanya, IgM chanya, IgG chanya, malaria hasi kwa kipimo cha haraka, hematokriti 52, chembe sahani 28,000. Sasa ni wiki ya sita tangu turudi. Anachoka upesi na nywele zinadondoka. Mama mkwe anasema nimempeleka mwanawe visiwa vya watu akarudi na maradhi, na kila asubuhi anamnywesha maji ya majani ya mpapai. Mume anataka turudi mwakani tumalizie safari. Nimesikia dengue ya pili huua. Ni kweli? Kuna chanjo? Nilikosea wapi? Na mimi je, naweza kuambukizwa, maana tunatafuta mtoto?"*

Pole sana dada yangu, na pole zimfikie shemeji. Umeandika vizuri, na siku umezitaja moja moja. Nimefurahi kwa hilo, kwa sababu kwenye dengue siku zina maana kuliko nyuzi joto. Nitaanza na lawama ya mama mkwe, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi, na hesabu yako mwenyewe inaijibu.

Mtu akiumwa na mbu mwenye virusi vya dengue, homa huanza baada ya siku nne hadi kumi. Mara chache huanza siku ya tatu, na mara chache huchelewa hadi wiki mbili. Shemeji alifika Bali Jumapili na homa ikampanda Jumatano. Hata kama aliumwa na mbu mara tu aliposhuka kwenye ndege, ni siku tatu tu hizo. Sasa rudi nyuma siku nne hadi kumi kutoka Jumatano ile: unajikuta Dar, na kabla ya Dar unajikuta Tanga. Siwezi kukuapia, lakini ningetakiwa kuweka pesa yangu mahali, ningeiweka nyumbani. Uwezekano mkubwa ni kwamba shemeji aliondoka na dengue mwilini, ikamlipukia ugenini.

Na wala si ajabu. Mbu mwenyewe, Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, ni mwenyeji wetu wa siku nyingi. Dar ilipata mlipuko mkubwa mwaka 2014, na mwaka 2019 ugonjwa ukarudi Dar na kufika Tanga pia. Mbu huyu hataki kinamasi wala mto. Anataka maji yaliyotulia karibu na watu: pipa la akiba lisilofunikwa, tairi bovu nyuma ya gereji, sahani ya chini ya chungu cha maua, vifuu vya nazi vilivyotupwa uani vikajaa mvua. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kisha masika yakipiga yanaanguliwa. Kwa hiyo mwambie mama, kwa adabu zote, kwamba kabla ya kuvilaumu visiwa vya watu ni vyema pipa la nyumbani likafunikwa.

Hapo ndipo linapokuja suala la dawa ya mseto, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuwaza malaria kulikuwa sahihi kabisa. Vimelea vya falsiparamu, aina ya malaria iliyoenea kwetu, huchukua kama wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, kabla ya kuleta homa, kwa hiyo Mtanzania anayepata homa siku chache baada ya kufika nchi nyingine anaweza kuwa ameondoka na malaria kwao. Madaktari wa sehemu za Bali wanakokwenda wageni hawaioni malaria mara kwa mara, na wasipoambiwa mgonjwa ametoka Tanga wanaweza wasiiwaze. Ukiwa ugenini na homa, neno la kwanza kwa daktari liwe: "Tumetoka Tanzania, nchi yenye malaria, naomba kipimo leo." Malaria kali huweza kumaliza mtu kwa siku moja au mbili.

Tatizo ni kumeza kabla ya kupima. Dawa ya mseto husafisha vimelea haraka, na baada ya hapo kipimo cha hadubini kinaweza kutoka hasi hata kama malaria ilikuwepo. Kwa bahati nzuri nyinyi mlipimwa kwa kipimo cha haraka, ambacho hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya matibabu. Kama kilikuwa hasi siku tano baadaye, basi karibu ni hakika kwamba malaria haikuwepo. Lakini dawa ilikupa utulivu wa uongo: mlidhani mmeshaanza kutibu. Na hapa nyumbani tuna ugonjwa wetu wa kudumu, kwamba malaria ikikosekana mtu anaambiwa ana taifodi na UTI, anapewa mfuko wa antibayotiki, anaondoka. Dengue haiguswi na antibayotiki hata moja.

Sasa ile Jumapili asubuhi. Ningependa kila mtu wa pwani aielewe.

Dengue ina hatua tatu. Ya kwanza ni homa, siku mbili hadi saba, mwili mzima unauma. Hapo mtu anateseka, lakini mara nyingi hayuko kwenye hatari ya karibu. Ya pili inaanza pale homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba. Kwa wagonjwa wengi homa ikishuka ndiyo mwisho, wanapona. Kwa wachache, saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za hatari. Ya tatu ni kupona.

Kinachotokea katika zile saa ni hiki. Vita kati ya kinga ya mwili na virusi hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu. Mishipa haipasuki, inavuja majimaji kama mtungi wa udongo unavyotoka jasho. Chembe nyekundu zinabaki ndani, maji ya damu yanatoka nje, yanakusanyika tumboni na kuzunguka mapafu. Damu inayobaki inakuwa nzito. Hiyo ndiyo maana ya hematokriti 52 kwenye cheti chako, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu: kwa mwanamume mzima kawaida huwa arobaini na kitu. Kama kuvuja kunaendelea, presha inashuka, mikono na miguu inapoa, mkojo unapungua, na mtu anaweza kuzimika akiwa anaongea na wewe vizuri dakika chache kabla. Watu wengi hukodolea macho chembe sahani, zile za kugandisha damu, wanahesabu 28,000 kwa hofu. Zina maana, lakini kinachoua zaidi kwenye dengue ni kuvuja huko na presha kushuka, kuliko chembe sahani zenyewe. Ndiyo maana madaktari wa kule walimwekea dripu kwa vipimo na huenda hawakumwongezea chembe sahani. Walifanya sawa. Hata dripu ikizidi ni hatari, kwa sababu siku ya pili au ya tatu maji yale hurudi yenyewe kwenye mishipa, na mapafu yanaweza kujaa.

Shemeji aliingia baharini hasa kwenye saa hizo. Kupiga kasia kwa mikono juu ya ubao, jua kali, maji hanywi, mishipa inavuja. Sikulaumu wala simlaumu: homa ikiisha nani asiyefurahi? Lakini lishike hili: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu puani au kwenye fizi, kupumua kwa shida, kulegea au kuhangaika kusiko kwa kawaida, yakitokea baada ya homa kushuka, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo. Tumbo lilianza Jumapili jioni, hospitali mkaenda Jumatatu usiku. Zile saa ishirini na nne ndizo ningependa zisirudiwe tena. Zaidi ya hapo, dada, sioni kosa la kukuumiza moyo.

Diclofenac nayo niiseme kidogo. Dawa hiyo, pamoja na ibuprofen na aspirini, hupunguza uwezo wa chembe sahani kushikana, na huchubua tumbo. Kwenye mwili ambao chembe sahani zinapungua, ni kuongeza mlango wa damu kutoka. Kwa homa yoyote ambayo bado hujaijua, tumia paracetamol peke yake, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita kwa mtu mzima, visizidi vinane kwa siku nzima, maana dengue yenyewe hugusa ini. Na ile tabia ya kuingia duka la dawa na kuomba "sindano ya maumivu" uikatae kabisa siku za homa. Sindano hiyo mara nyingi ni diclofenac hiyohiyo.

Umeuliza dengue ya pili. Uliyosikia yana ukweli nusu. Virusi vya dengue viko vya aina nne. Ukipona aina moja, aina hiyo haikurudii kwa kawaida maisha yako yote, na kwa miezi kadhaa unapata kinga fulani dhidi ya zile nyingine. Kinga hiyo ya muda ikififia, aina ya pili ikija, askari wa zamani, yaani kingamwili za ile ya kwanza, wanaitambua nusunusu. Wanaikamata bila kuiua, na katika kuikamata wanaiingizia kwenye chembe nyeupe ambamo inazaliana zaidi. Ndiyo sababu maambukizi ya pili yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa makali. Lakini hata hivyo, wengi wanaopata ya pili hawafikii ukali, na wanaofikia wakiwahi hospitali yenye uangalizi mzuri, vifo huwa chini ya mtu mmoja kwa mia.

Sasa soma tena cheti chako. NS1 ni protini ya virusi vyenyewe. IgM ndiyo kingamwili ya maambukizi mapya. IgG ni ya kumbukumbu. Mtu anayepata dengue kwa mara ya kwanza, IgG yake kwa kawaida huchelewa kuonekana, hadi wiki ya kwanza inapokaribia kwisha au kupita. Shemeji alikuwa na IgG chanya kwenye siku ya tano. Ikichanganywa na alivyovuja, inanifanya nishuku kwamba hii uliyoiona ndiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza huenda aliipata zamani, pengine mwaka ule wa 2019, akadhani ni mafua au malaria ndogo. Watu wengi wanaoambukizwa dengue hawaumwi kabisa. Tahadhari moja: kama alichanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari zake, IgG ya kipimo cha haraka inaweza kuchanganya, kwa sababu virusi hivi ni ndugu. Mpeleke na cheti kwa daktari wa magonjwa ya ndani pale hospitali ya Bombo, wakaisome na historia yake ya chanjo. Ikithibitika hivyo, habari ni njema kuliko ulivyofikiri, kwani maambukizi ya tatu na ya nne yenye ukali ni machache zaidi. Anayehitaji uangalifu zaidi mwakani anaweza kuwa wewe, ambaye hatujui umewahi kuipata au la.

Chanjo ipo. Inayozungumzwa sasa inaitwa Qdenga, dozi mbili zikiachana miezi mitatu, na Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwenye orodha yake ya chanjo zilizohakikiwa mwaka 2024. Indonesia iliiruhusu tangu 2022. Ilikuwepo nyingine kabla yake, Dengvaxia, ambayo ilileta taharuki Ufilipino baada ya kubainika kwamba kwa mtu asiyewahi kupata dengue inaweza kumwandalia ukali wa baadaye. Qdenga haijaonesha tatizo hilo kwa uwazi, lakini kwa wasiowahi kuugua ushahidi dhidi ya aina ya tatu na ya nne bado ni mwembamba. Kwa shemeji, aliyekwishaugua, hilo halitusumbui. Ila hana haraka, na nchi kama Ujerumani hushauri kusubiri angalau miezi sita baada ya kuugua. Kwako mizani ni tofauti. Ni chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Mjamzito haipati, na baada ya dozi unatakiwa usishike mimba kwa angalau mwezi mmoja. Kama mtoto ndiye mnayemtaka kwanza, mimi ningemtanguliza mtoto na kuiacha chanjo.

Umeuliza kama wewe unaweza kuambukizwa, na kwenye suala la mtoto kuna jambo jingine ambalo hukuuliza. Dengue haiambukizwi kwa kulala pamoja, kula pamoja wala kushikana, isipokuwa visa vichache mno vilivyoandikwa. Mbu ndiye njia. Kama mbu wa kule walimuuma yeye akiwa na homa kisha wakakuuma wewe, ungekuwa umeshaugua zamani. Wiki ya sita hii umeshatoka salama. Lakini mbu huyohuyo hubeba Zika, na Indonesia ina historia ya Zika. Zika hukaa kwenye manii kwa muda, na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Sina dalili yoyote kwamba shemeji aliipata. Ushauri wa kawaida kwa wanandoa waliotoka maeneo hayo ni mwanamume kutumia kondomu miezi mitatu tangu siku ya kuondoka huko, na mwanamke kusubiri miezi miwili. Mmeshamaliza nusu. Vumilieni wiki sita au saba zilizobaki. Kama tayari umechelewa kuona siku zako, usiingiwe na hofu, nenda kliniki mapema na uwaambie mlikuwa wapi.

Kurudi Bali mwakani? Ningekuwa wewe ningekubali. Mawimbi makubwa ya upande wa magharibi, Uluwatu na Kuta, huwa mazuri kiangazi, kati ya Aprili na Oktoba, na dengue hupanda zaidi wakati wa mvua na mara baada yake. Nendeni Julai au Agosti, mtapata mawimbi bora na mbu wachache kiasi, ingawa hawaishi. Majini hakuna mbu. Wako nyumba ya wageni, kwenye vyungu vya maua na bafu za wazi, wanauma mchana, hasa asubuhi jua likishatoka na alasiri kuelekea magharibi, yaani hasa saa ambazo watu wa mawimbi wanavaa na kuvua nguo uani. Chandarua cha usiku, tunachokitegemea kwa malaria, hapa hakisaidii sana, labda kwa usingizi wa mchana. Pakeni dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, mkianza na mafuta ya kukinga jua kisha dawa juu yake, na mrudie kila mkitoka majini kwa sababu chumvi na taulo huiondoa. Chumba chenye wavu madirishani kina thamani kuliko chenye mandhari. Bima ya safari msiikose. Siku tano za kulazwa zimeshawafundisha bei yake.

Uchovu wake ni wa kawaida. Dengue kali huacha mtu akiwa mnyonge wiki nyingi, wengine miezi miwili mitatu, na nywele kudondoka baada ya homa kubwa ni mwili uliosimamisha ukuaji wa nywele kwa muda, zitaota. Aanze kuogelea taratibu pale Raskazone, aongeze kidogo kila wiki, apumzike akichoka. Rudisha kipimo cha picha kamili ya damu mara moja tu, uone chembe sahani zimepanda, pamoja na kipimo cha ini, uone liko sawa. Lakini akianza homa mpya, macho kuwa ya manjano, kupungua uzito, kushindwa kupanda ngazi kwa pumzi au moyo kwenda mbio bila sababu, hapo si uchovu wa dengue tena, aonwe na daktari bila kungoja.

Maji ya mpapai? Kuna tafiti ndogo zinazoonesha chembe sahani kupanda mapema kidogo kwa wanaokunywa, lakini sijaona moja inayoonesha yanazuia mishipa kuvuja, na uchungu wake huwatapisha wengine. Kwa sasa chembe sahani zake nadhani zimesharudi, hivyo hayana kazi kubwa. Lakini kama mama anapata amani kwa kumtengenezea mwanawe kitu, na shemeji anakunywa bila kutapika, hamna haja ya ugomvi. Muombe tu abadilishe, amtengenezee supu ya samaki na maji ya madafu, vinamfaa zaidi wakati huu.